Taka za mtaani kwako ni suala la afya, na pesa zake zina njia

Ukiifungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na kwenda moja kwa moja hadi Jedwali la Nne, utapata orodha ya kazi ambazo serikali za kaunti zilikabidhiwa. Chini ya huduma za afya zimetajwa hospitali na zahanati, ambulensi, afya ya msingi, utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma vyakula, makaburi na vyumba vya kuhifadhia maiti. Mwishoni mwa orodha hiyo hiyo ya afya imetajwa kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa na kuzitupa taka ngumu.

Isome tena orodha hiyo, msomaji. Taka hazikuwekwa pamoja na barabara wala masoko. Ziliwekwa pamoja na zahanati. Maana yake ni kwamba lile biwi lililo kando ya steji unaposhukia matatu jioni ni kasoro ya huduma za afya, sawa na zahanati isiyokuwa na dawa. Tofauti ni kwamba dawa zikikosekana watu hupiga kelele, lakini biwi likikua sisi huziba pua na kupita.

Katika makala haya tutaeleza jinsi taka zinavyoleta maradhi, kwa nini lori peke yake haliwezi kuyazuia, na ni wapi zinakotoka pesa ambazo kaunti yako ingeweza kuzitumia kujenga mahali pa kuchambulia taka badala ya kuzihamisha tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

MARADHI YANAVYOINGIA NYUMBANI

Anza na kitu kidogo kama kifuniko cha chupa. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hahitaji kinamasi. Yeye hutaga mayai ndani ya chombo chochote kinachoshika maji ya mvua: mkebe wa rangi, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, hata mfuko wa plastiki uliojikunja. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na mvua ikinyesha huanguliwa. Baada ya siku saba hadi kumi mbu mkamilifu anaruka. Isitoshe, mbu huyu huuma mchana, kwa hivyo chandarua unachokitumia usiku hakikusaidii sana. Wakazi wa Mombasa wanalijua jambo hili vyema, kwani chikungunya iliwasumbua mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018, na dengue imewarudia zaidi ya mara moja. Kupuliza dawa huua mbu wanaoruka, lakini mikebe ikibaki na mayai yake, kazi ni ya kuanza upya.

Kisha kuna mitaro. Mfuko wa plastiki, nepi ya kutupa na tambara vikikutana kwenye kalvati, maji ya mvua hukosa njia na kuingia vyooni na nyumbani. Yakitoka, huwa yamebeba kinyesi. Ndiyo sababu kipindupindu huwa hakiko mbali mvua kubwa zinapofurika mitaa yenye msongamano.

Halafu ni moshi. Katika ploti nyingi taka hazizolewi kwa wakati, na mtu anayechoka na uvundo huziwasha moto jioni. Anadhani amesafisha. Kumbe plastiki ikiungua kwa moto huo mdogo wa uani haiishi kabisa. Hutoa masizi laini yanayopenya hadi ndani ya mapafu, na baadhi ya plastiki, hasa zile za mabomba na nyaya za umeme, hutoa sumu iitwayo dioksini ambayo hukaa mwilini miaka mingi. Anayeumia kwanza ni mtoto mwenye pumu katika nyumba ya jirani.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote hizo haina moshi wala harufu.

WATOTO WA DANDORA

Jaa la Dandora, mashariki mwa Nairobi, lilianza kutumiwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kwenda huko. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako papo hapo Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliowahusu watoto 328 wenye umri wa kati ya miaka 2 na 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha sumu, yaani maikrogramu 10 katika desilita moja ya damu.

Tangu wakati huo wataalamu wamezidi kuwa wakali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu akipatikana na maikrogramu 5, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Nchini Marekani kiwango cha kumtilia mtoto shaka kimeshushwa hadi 3.5. Kusema kweli, hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hivyo wale watoto wa mwaka 2007 wangepimwa kwa kipimo cha leo, huenda waliohesabiwa kuwa wazima wangekuwa wachache zaidi.

Risasi hufanya nini? Humpunguzia mtoto damu, humzuia kukua vizuri na, baya zaidi, huharibu ubongo ambao bado unajengeka. Mtoto huyo huja kuonekana mzito wa kusoma au mtukutu darasani, na mwalimu na mzazi wote wawili hawajui sababu. Mwili wa mtoto hufyonza risasi iliyomezwa mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Huipata wapi? Kwenye vumbi. Betri za magari, rangi za zamani na vifaa vya umeme vikitupwa pamoja na maganda ya viazi, kisha vikaungua na kukanyagwa, vumbi lake huingia kwenye vidole, na vidole vya mtoto huingia kinywani.

Hapa pana funzo kwa wale wanaodhani kwamba neno "kuchakata" peke yake ni dawa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilichoumiza watu si jaa bali kiwanda cha kuchakata betri kuukuu, kilichoyeyusha risasi kando ya nyumba zao kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni miaka kumi tangu kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo alikuwa ametimiza kumi na tatu.

Kwa hivyo, pesa za kuchakata taka zikitolewa, swali la kwanza ni la afya: kituo kitajengwa wapi, kitapokea nini, na moshi na maji yake yataelekea wapi?

NI NINI KILICHOMO NDANI YA PIPA LAKO?

Sera ya taifa ya usimamizi wa taka ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Kenya hutoa tani 22,000 za taka kila siku, ikichukua kwamba kila mtu hutoa nusu kilo. Kati ya hizo, asilimia 60 hadi 70 ni taka zinazooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya sukuma wiki, nyasi. Hesabu hiyo ilete nyumbani. Familia ya watu watano hutoa kilo 17 na nusu kwa wiki, na karibu kilo 11 za hizo ni vitu ambavyo babu yako angevirudisha shambani bila kufikiri.

Taka hizi za majimaji ndizo kiini cha taabu yote. Ndizo zinazonuka, zinazoita nzi na panya, na zinazotoa yale maji meusi yanayochuruzika kutoka jaani hadi mtoni. Zikifunikwa bila hewa hutoa gesi ya methani inayoshika moto na kuungua chini kwa chini. Zaidi ya hayo, huharibu thamani ya taka nyingine. Katoni kavu ina mnunuzi, lakini katoni iliyolowa mchuzi haina. Chupa safi ya plastiki hupata bei, ile iliyopakaa uchafu hukataliwa au huuzwa kwa hasara.

Na taka hizo zikirundikwa mwaka baada ya mwaka, mlima wenyewe hulainika. Agosti 10, 2024 jaa la Kiteezi, lililokuwa likitumiwa na jiji la Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kufunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hapa kwetu pia kuna watu wanaolala chini ya milima ya namna hiyo.

Sasa utaona kwa nini lori si tiba. Lori huondoa uvundo mlangoni kwako na kuupeleka mlangoni kwa mwingine. Kinachopunguza maradhi ni kuzitenganisha taka za majimaji na zile kavu jikoni kwako, kisha kuwe na mahali pa kuzipeleka zikiwa bado zimetengana. Mahali hapo si mtambo wa ajabu. Ni banda lenye paa la mabati, sakafu ya saruji isiyopitisha maji, mizani, maji ya bomba, vyoo, sehemu ya kutengenezea mboji na ghala lenye kufuli la betri, balbu na taka nyingine za sumu. Wale vijana na akina mama wanaookota chupa jaani bila glavu wangefanya kazi hiyo hiyo wakiwa wamevaa buti, wakiwa wamechanjwa pepopunda na homa ya ini aina ya B, na wakijua kilo moja ina bei gani. Mboji ina wateja, na wapo wakulima wanaolisha mabaki ya chakula kwa funza wa nzi mweusi ili wapate chakula cha kuku.

Wanasiasa wetu wengi hupenda kuahidi mtambo wa kuchoma taka na kuzalisha umeme. Dandora imeahidiwa zaidi ya mara moja. Huenda siku moja utajengwa. Lakini kila mama aliyewahi kuwasha kuni mbichi anajua jibu: taka ambazo zaidi ya nusu yake ni maganda yenye maji haziwaki vizuri. Hata mtambo huo ungehitaji taka zitenganishwe kwanza.

PESA ZENYEWE ZINATOKA WAPI?

Mfuko wa kwanza ni mgao wa kila mwaka ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Huo haufungwi na masharti, kaunti ndiyo inayoamua utumike vipi. Mfuko wa pili ni ada na kodi za kaunti yenyewe, zikiwemo zile anazotozwa mama mboga sokoni kila asubuhi. Mara nyingi fedha hizi humezwa na mishahara, mafuta na ukarabati wa malori.

Mfuko wa tatu haujulikani sana. Kifungu cha 202 cha Katiba kinairuhusu serikali kuu kuzipa kaunti fedha za ziada, kwa masharti au bila masharti. Hizi ndizo zinazoitwa ruzuku. Mfano ulio karibu ni mpango wa kusaidia miji unaojulikana kama KUSP. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300, na serikali kuu ikazigawa fedha hizo kwa miji 59 katika kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwemo. Ili kupata ruzuku ya maendeleo, mji ulitakiwa uwe na hati ya manispaa, bodi, meneja na mpango wa maendeleo. Baada ya hapo uliruhusiwa kuchagua miradi kutoka orodha fulani. Udhibiti wa taka ulikuwamo katika orodha hiyo, pamoja na mitaro, barabara, masoko na huduma za zimamoto.

Miji mingi ilichagua barabara, taa, mitaro na masoko. Si vibaya, mtaro ni afya pia. Lakini tuseme wazi sababu mojawapo: barabara hukatiwa utepe na kupigwa picha, na banda la mboji halina mgeni wa heshima. Na usisahau kwamba ruzuku hiyo ilikuwa mkopo kwa taifa. Utailipa wewe na watoto wako, iwe ilijenga kituo cha taka au haikujenga. Awamu ya pili ya mpango huo imekwisha kuidhinishwa, kwa hivyo nafasi ya kuchagua ipo tena.

Kuna mfuko wa nne unaoanza kufunguka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa ashiriki gharama ya kile kinachobaki baada ya wewe kuitumia. Kanuni zake zilichapishwa Novemba 2024. Usichanganye jambo hilo na ile kodi ya mazingira iliyokuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, ambayo iligusa hata nepi na ikachangia kuwatoa vijana barabarani. Mswada huo uliondolewa Juni mwaka huo. Watu walikuwa na haki ya kuuliza: kodi ya taka ikikusanywa na kuingia hazina kuu, itarudi mtaani kuwa banda na mizani, au itapotelea njiani?

Sheria hiyo ya 2022 imeweka wajibu mwingine ambao kila mkazi afaa kuujua. Wewe unatakiwa kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Anayezizoa anatakiwa kuzibeba zikiwa zimetengana. Kaunti nayo inatakiwa kuweka vituo vya kukusanyia vitu vinavyoweza kutumika tena na kuingiza suala la taka katika mipango na bajeti zake. Ni nadra kuona mlolongo huo ukikamilika. Mwenye nyumba huweka mapipa mawili, keateka huhimiza watu, halafu mkokoteni au lori hufika na kumwaga yote mahali pamoja. Baada ya wiki mbili, nani ataendelea kutenganisha?

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Bajeti ya kaunti haiandikwi kwa siku moja, na ina tarehe zake kisheria. Kufikia Septemba 1 kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 hutolewa taarifa ya sera ya fedha inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Aprili 30 makadirio ya bajeti huingia katika bunge la kaunti, na Juni 30 hutakiwa kuwa yamepitishwa. Wananchi wengi hufika mwezi Mei, wakati mambo mengi yamekwisha kupangwa. Ukitaka banda la kuchambulia taka katika wadi yako, lizungumzie kabla ya Septemba, liandikwe katika mpango. Mradi usio katika mpango haupati pesa, hata diwani wako akiwa na moyo wa dhahabu.

Ukienda kwenye kikao, uliza mambo machache yaliyo wazi. Katika pesa zote za taka, ngapi ni za mafuta na malori, na ngapi ni za kutenganisha na kutengeneza mboji? Je, manispaa yetu imepata ruzuku ya miji, na iliomba kufanyia nini? Waokota taka wa eneo hili wamehesabiwa katika mpango huo au watafukuzwa? Idara ya afya iliketi katika kikao kilichochagua mahali pa kujenga? Usipojibiwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba habari hizo, na afisi husika ina siku 21 za kukujibu. Barua iandikwe kwa jina la kikundi, kama vile chama cha akina mama au kamati ya ploti, na mtu abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Nyumbani, usingoje kaunti. Weka debe moja lenye kifuniko la maganda na mabaki ya chakula, na gunia moja la vitu vikavu. Suuza chupa na pakiti za maziwa kidogo kabla ya kuzitia guniani. Kama una jirani anayefuga nguruwe au kuku, au mwenye kishamba, maganda yako hayana haja ya kuonana na lori. Geuza au toboa kila mkebe unaoweza kushika maji. Betri za redio na tochi, balbu na nyaya ziweke kando, mbali na watoto, na usimruhusu mtu yeyote kuchoma nyaya uani ili apate shaba.

Ikiwa unaishi karibu na jaa au karibu na mahali panapoyeyushwa vyuma kuukuu, pangusa sakafu kwa tambara lililolowa badala ya kufagia vumbi likavu likapaa. Viatu vya nje viachwe mlangoni. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na wapewe maharagwe, ndengu, mboga za majani na nyama kidogo ikipatikana, kwani mwili wenye madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, uchovu, damu pungufu isiyopona kwa dawa, au akianza kurudi nyuma shuleni bila sababu, mwambie mhudumu wa afya wazi wazi kwamba mnaishi karibu na jaa. Dalili hizo hufanana na za minyoo na malaria, na bila kutajiwa hilo huenda asifikirie risasi. Kipimo chake ni cha damu na si kila kituo kinacho, kwa hivyo omba uelekezwe katika hospitali kubwa. Dawa za kuiondoa risasi hutolewa hospitalini kwa walioathirika sana tu, na hata hao hawatapona vizuri wakirudishwa kucheza katika vumbi lile lile.